Ufunguo Uliolika Meno

Wageni wengi hufika Marafa wakati wa jioni ili kulitazama korongo la Nyari, ambalo kuta zake za mchanga mgumu hung'aa kwa rangi nyekundu, nyeupe na ya machungwa jua linapotua. Korongo lile lilichimbwa na mvua na upepo. Kazi hiyo ilifanyika chembe kwa chembe, kwa muda mrefu sana, wala hapana mtu aliyesikia kishindo siku ilipoanza. Vitu vingi vitumiwavyo na mwanadamu huchakaa kwa namna iyo hiyo. Mwenye kitu haoni lolote leo wala kesho, mpaka siku moja kitu hicho hukataa kufanya kazi, naye hushangaa kana kwamba kimemgeuka ghafula.

Ufunguo wa motokaa ni mfano mwema wa jambo hili. Dereva mwenye bidii huangalia magurudumu, maji, mafuta na breki kabla ya safari, na kufanya hivyo ni vema; lakini ni nadra kumwona mtu akiutazama ufunguo wake. Ukiingia na kuzunguka, basi yatosha. Ukianza kukwama, hutikiswa. Ukizidi kukwama, hutiwa mafuta ya injini, au hulazimishwa kwa nguvu za mkono. Hapana anayedhani kuwa kipande kile kidogo cha shaba chaweza kumletea msiba. Kwa hiyo yafaa wasomaji wayasikie yaliyompata dereva mmoja wa Marafa.

Dereva huyo ana gari dogo lililotoka Japani, naye huchukua abiria na mizigo kutoka Marafa kwenda Malindi kwa njia ya Mambrui, safari ya kilomita zaidi ya 30. Alipolinunua lilikuwa limekwisha kutumika na watu wengine, na alipewa ufunguo mmoja tu. Kwa kuwa ni mtu mwangalifu, alikwenda sokoni akachongesha ufunguo wa pili kwa kuufuata ule wa kwanza. Baadaye ule wa kwanza ukapotea, na wa pili ulipoanza kuwa mzito akachongesha wa tatu kwa kuufuata wa pili. Akautia huo wa tatu katika pete moja pamoja na ufunguo wa nyumba, wa duka la mkewe, wa kufuli la choo, wa sanduku la fedha, na chuma cha kufungulia chupa za soda.

Kwa muda wa miezi minne ufunguo huo ulimpa dalili. Kwanza ulikuwa hauzunguki mpaka uvutwe nje kidogo kama upana wa ukucha. Kisha ukawa mgumu kila asubuhi. Halafu siku moja, karibu na daraja la mto Sabaki, ufunguo ulitoka wenyewe katika swichi ukaanguka miguuni pake huku injini ikiendelea kunguruma. Abiria walicheka, naye akacheka pamoja nao. Mkewe alipoyasikia hayo hakucheka. Alimwambia, "Baba watoto, ufunguo huo utatutia aibu siku moja." Akamjibu kwamba akipata nafasi ataushughulikia. Nafasi haikupatikana, maana gari lilikuwa likiwaka.

Usiku mmoja, yapata saa nane, jirani yake alimbishia hodi. "Ndugu yangu, amka. Mke wangu ameshikwa na uchungu tangu magharibi, na mkunga asema hali yake si njema, apelekwe Malindi upesi." Dereva aliruka kitandani akavaa, akatoka. Mama mwenye uchungu akapandishwa garini pamoja na mama mkwe wake. Dereva akatia ufunguo, nao ukakataa kuzunguka. Akautikisa, akautoa, akaupangusa katika shati, akautia tena. Mama mkwe alikuwa akimwambia, "Mwanangu, fanya haraka." Mwisho jirani alileta koleo. Dereva akaushika ufunguo kwa koleo na kuukaza kwa nguvu, ukakatika. Nusu ikabaki katika koleo, na nusu ndani ya kitasa.

Hata kulisukuma gari lile barabarani hakukufaa kitu, kwa sababu usukani ulikuwa umejifunga na magurudumu ya mbele hayakuweza kugeuzwa. Kijana mmoja wa pikipiki alitumwa kwenda kumwamsha mwenye lori upande wa pili wa mji. Saa nzima ikapita kabla ya lori kufika. Kwa rehema ya Mungu mama yule alifikishwa hospitalini karibu na alfajiri, naye na mtoto wake wakapona. Lakini saa moja ilipotea, na katika mambo ya uzazi saa moja si kitu kidogo. Dereva alirudi Marafa akiwa amejiinamia, kwa kuwa alijua kwamba dalili alizipewa zote, moja baada ya moja, naye alizicheka.

Kesho yake alimleta fundi wa funguo kutoka Malindi, mtu mzima aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi. "Shikamoo, mzee," alisema dereva. "Marahaba, mwanangu. Hebu niuone huo uliokatika." Fundi alikitia kile kipande kiganjani, akakigeuza kwenye jua, akauliza, "Huu ulichongwa kwa kufuata upi?"

"Kwa kufuata mwingine, mzee."

"Na huo mwingine?"

"Kwa kufuata ule uliokuja na gari."

"Na ule uliokuja na gari, ulikuwa mpya?"

Dereva akanyamaza. Fundi akasema kwa upole, "Mwanangu, mashine ya kuchonga funguo haijui jino lilikuwa na urefu gani lilipotoka kiwandani. Hufuata linaloliona. Ule wa kwanza ulikuwa umelika kwa miaka ya wenyewe wa kwanza. Wa pili ulizaliwa na kulika huko, ukaongeza kwako. Wa tatu ukarithi kote kuwili, na makosa madogo ya mashine juu yake. Umelipa mara mbili ili upewe uchakavu ule ule."

Ili maneno ya fundi yaeleweke, yapasa kujua kitasa cha swichi kilivyo ndani yake. Katikati yake mna silinda ndogo yenye tundu la ufunguo. Ndani ya silinda hiyo vimepangwa vibamba vyembamba vya shaba, kimoja nyuma ya kingine, na kila kibamba kina dirisha lake dogo na springi yake ya kukisukuma. Ufunguo usipokuwamo, springi husukuma vibamba hivyo vikatokeza nje ya silinda na kushika katika mifereji ya nyumba ya kitasa, hata silinda haiwezi kuzunguka. Ufunguo ulio wa haki ukiingia hupita katika madirisha yote, na kila jino lake hukiweka kibamba chake mahali panapokipasa. Vibamba vyote vikiwa sawasawa na uso wa silinda, bila kuzidi wala kupungua, ndipo silinda huzunguka na gari kuwaka.

Meno ya ufunguo yakilika, japo kwa unene wa unywele, kibamba kimoja au viwili hubaki vimetokeza kidogo. Hapo ndipo dereva huutikisa ufunguo, na kwa bahati huvipata vibamba mahali pake. Lakini kila autikisapo huvisugua vibamba pamoja na meno, na kuzidisha ubovu anaoukimbia. Tena vumbi jekundu la barabara za Marafa huingia katika tundu lile na kufanya kazi ya tupa, na hewa ya chumvi itokayo baharini hutia kutu springi ambazo ni za chuma. Kitasa na ufunguo basi huzeeka pamoja kama mume na mke, na kila mmoja humzeesha mwenzake.

Mtu akipiga hesabu ataona kwamba ajabu si kulika kwa ufunguo, bali ni kudumu kwake. Gari la nyumbani likiwashwa mara 6 kwa siku, kwa miaka 7 litakuwa limewashwa mara zaidi ya 15,000. Gari la abiria ambalo huzimwa na kuwashwa kila kituo, kama mara 30 kwa siku, litafikia hesabu hiyo katika mwaka mmoja na nusu hivi. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Hata hivyo gari la miaka saba huletwa na ufunguo wa miaka saba. Mnunuzi huita gari hilo jipya kwa sababu ni jipya machoni pake.

Baada ya kumweleza dereva hayo, fundi hakuanza na swichi. Alikwenda upande wa abiria, akafungua ubao wa ndani wa mlango, akakitoa kitasa cha mlango ule. Dereva akamwuliza, "Mzee, huo mlango haujapata kuwa na ubovu. Wautafutia nini?" Fundi akajibu, "Ndiyo sababu nautafuta. Ni nani amepata kuutia ufunguo mlango huu? Watu wote hufunguliwa kwa ndani. Basi kitasa hiki bado kinakumbuka meno yalivyokuwa siku ya kwanza."

Na ndivyo ilivyokuwa. Katika magari mengi swichi na milango hufunguliwa kwa ufunguo mmoja. Meno ya ufunguo hayachongwi kwa kimo chochote tu. Kiwanda huchagua vimo vichache vilivyopangwa, na kila kimo kina nambari yake. Mpango wa nambari hizo kwa pamoja ndio jina la ufunguo. Mara nyingi nambari hiyo huwa imepigwa katika kibati kidogo kilichofuatana na funguo mpya, na katika magari mengine hupigwa juu ya kitasa cha mlango. Hata isipoonekana popote, fundi ajuaye kazi yake aweza kuvisoma vibamba vya kitasa ambacho hakijachakaa na kujua meno yapasavyo kuwa. Fundi yule alizisoma, akachonga ufunguo kwa kufuata nambari na si kwa kufuata ufunguo mwingine. Kisha akakitoa kile kipande kilichokatika kwa waya mwembamba wenye ndoana, akapuliza vumbi, akautia ufunguo mpya. Ukazunguka bila kutikiswa.

Kabla ya kuondoka, fundi alimfundisha dereva namna ya kupambanua ugonjwa, maana si kila kukwama ni kwa ufunguo. Mafundisho hayo yawafaa wenye magari wote.

Kwanza, ufunguo ukikataa kuzunguka, dereva aushike usukani na kuusogeza kidogo kulia na kushoto huku akiuzungusha ufunguo polepole. Gari likisimamishwa magurudumu yakiwa yamekazwa kwenye jiwe au ukingo wa barabara, kile chuma kifungacho usukani hubanwa, na ufunguo hata ukiwa mzima hauwezi kukiondoa. Usukani ukisogezwa kubanwa huko hulegea. Pili, ikiwa kuna ufunguo wa akiba usiotumiwa sana, ujaribiwe. Ukizunguka vema ilhali ule wa kila siku unakwama, ubovu umo katika ufunguo. Zote mbili zikikwama, ubovu umo katika kitasa. Tatu, ufunguo ukifungua mlango kwa urahisi na kukataa katika swichi, kitasa cha swichi ndicho kinachoshukiwa. Nne, ufunguo ukizunguka mpaka mwisho lakini injini isigutuke, hapo meno hayana hatia. Atazamwe betri, nyaya, stata, au sehemu ya umeme iliyo nyuma ya kitasa. Katika gari la otomatiki, gia iangaliwe pia, kwa kuwa gari la namna hiyo halikubali kuwaka mpaka gia iwe kwenye P au N, na aghalabu ufunguo hautoki mpaka iwe kwenye P.

Mambo ya matengenezo nayo hufuata ngazi. Ikiwa ufunguo peke yake ndio uliolika, mpya uliochongwa kwa nambari huponya. Ikiwa vibamba vya kitasa vimelika pia, fundi aweza kukifungua, kubadili vibamba na springi, na kukirudisha. Kikiwa kimekufa kabisa, hutiwa kingine. Lakini hapo mwenye gari hana budi kukubali kuwa na ufunguo mmoja wa mlango na mwingine wa swichi, au aagize vitasa vyote pamoja. Asikubali kukatiwa nyaya ili gari liwashwe kwa kuziunganisha au kwa kitufe kilichobandikwa hapo chini. Gari la namna hiyo ni gari la kila mtu.

Tukio la ufunguo kuanguka huku injini ikinguruma si la kuchekwa hata kidogo. Kitasa kinachouachia ufunguo utoke gari likiwa limewashwa kimekwisha kupoteza ulinzi wake. Kitasa kama hicho mara nyingi hukubali ufunguo wa gari jingine, au hata ncha ya bisibisi au makasi. Mwenye gari huliacha sokoni akiamini kuwa amelifunga, kumbe mwizi hahitaji elimu yoyote. Nyumbani nako mtoto mwenye kipande cha bati aweza kuliwasha gari lililoachwa kwenye gia, likaruka mbele na kumkanyaga mwenzake aliyekuwa akicheza.

Zamani ufunguo wa motokaa haukubeba mambo mengi hivi. Magari ya kwanza yaliwashwa kwa kuzungushwa hendeli mbele ya injini, kazi iliyowavunja watu wengi mikono. Stata ya umeme, iliyobuniwa na Charles Kettering, ilitiwa katika gari la Cadillac la mwaka 1912. Na tangu mwaka 1949 kampuni ya Chrysler ilianza kuuza magari ambayo ufunguo wenyewe, ukizungushwa, uliamsha stata. Baadaye ukatwikwa kazi ya kuufunga usukani pia. Basi kipande kilichokuwa bawabu tu kikawa bawabu, mpiga kengele na askari kwa wakati mmoja, wala hakikuongezwa unene.

Kuna jambo jingine ambalo fundi alilisisitiza, nalo ni uzito wa ile pete ya funguo. Funguo tano na chuma cha soda vikining'inia kwenye swichi huruka juu na chini kila gari lipitapo shimoni, na kila mruko huuvuta ufunguo na kukipanua kitasa. Watu wengine hudhani kuwa hayo ni maneno ya mafundi tu. Nao wakumbuke habari ya kampuni kubwa ya Marekani, General Motors. Mwaka 2014 kampuni hiyo iliwaita wenye magari yake kiasi cha 2,600,000 wayarudishe, kwa sababu swichi zake zilikuwa na kishikizo dhaifu ndani. Ufunguo uliotundikwa mzigo, au uliogongwa na goti, uliweza kurudi nyuma wenyewe gari likiwa mwendoni. Injini ikazimika, usukani na breki vikawa vizito, na mifuko ya hewa ya kuwalinda watu haikufumuka gari lilipogonga. Mfuko wa fidia wa kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo vya watu 124. Kosa lile lilikuwa la kiwanda, si la kulika kwa meno. Lakini wenye magari waliambiwa kwamba, mpaka swichi zibadilishwe, waondoe kila kitu katika pete na kuendesha kwa ufunguo peke yake. Agizo hilo halina gharama, nalo lafaa Marafa sawasawa na Marekani.

Kwa sababu iyo hiyo haifai kabisa kuzima gari kwenye mteremko ili kuokoa petroli, kama wafanyavyo madereva wengine. Injini ikizimika breki hupoteza msaada wake, na ufunguo ukirudishwa mpaka mwisho usukani waweza kujifunga gari likikimbia. Petroli iliyookolewa hapo haitoshi hata kulipia bendeji.

Mafuta nayo yana hadhari yake. Kitasa kikikwama, mkono wa kwanza hukimbilia mafuta ya injini au ya kupikia. Kwa siku mbili tatu kitasa hulainika na mwenyewe hufurahi. Kisha mafuta hayo hushika vumbi yakawa tope gumu, na ugonjwa hurudi ukiwa mkubwa kuliko kwanza. Lililo bora ni kulipuliza vumbi litoke, kisha kutia unga mkavu wa grafiti, yaani ule weusi ulio ndani ya penseli. Asiye na unga huo asugue ncha ya penseli laini juu ya meno ya ufunguo, autie na kuutoa mara kadhaa, kisha aupanguse. Ufunguo usitumiwe kufungulia chupa, kukazia skurubu, wala kukwangulia matope, kwa kuwa meno yake si meno ya kazi hizo.

Wenye magari ya miaka ya karibuni wajue neno moja zaidi. Tangu mwaka 1998 magari mapya katika nchi za Umoja wa Ulaya hayana budi kuwa na kifaa cha kuzuia wizi, na magari mengi ya Japani nayo hutengenezwa hivyo. Katika kichwa cha ufunguo hutiwa chipu ndogo ambayo hutambuliwa na kompyuta ya gari. Ufunguo wa shaba tupu, hata ukichongwa kwa ustadi wote, utazunguka katika swichi ya gari hilo lakini injini haitawaka, au itawaka kwa nukta chache na kuzimika. Mwenye gari kama hilo akibakiwa na ufunguo mmoja, yampasa atengeneze wa pili ungali huo mmoja hai, maana kuiandikisha chipu mpya ni kazi nyepesi ufunguo wa zamani ukiwapo, na ni kazi ngumu yenye gharama kubwa ukiwa umepotea.

Kwa ajili hiyo anayenunua gari lililotumika asiishie kulipiga magurudumu mateke na kusikiliza injini. Aulize funguo zi ngapi, na kibati cha nambari ki wapi. Auzungushe kila ufunguo katika swichi na katika kila mlango. Gari likiwa limewashwa, ajaribu kuuvuta ufunguo. Ukitoka, amepata neno la kusema katika bei. Akiisha kununua, achongeshe ufunguo kwa nambari, nambari yenyewe aiandike katika daftari na kuiweka nyumbani, si ndani ya gari ambamo mwizi ataisoma. Ufunguo ulio bora kuliko zote auweke uwe kielelezo, na wa kila siku uwe ule uliochongwa. Yule dereva wa Marafa alifanya kinyume kwa kuchonga kila ufunguo kutokana na uliotangulia, kama mtu anayepima kitambaa kwa kipande alichokikata jana badala ya kukipima kwa futi.

Wahenga walisema kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Dereva yule sasa hubeba ufunguo mmoja tu katika pete ya swichi, na mwingine wa namna ile ile umo nyumbani mikononi mwa mkewe. Funguo za duka na nyumba ziko katika pete nyingine mfukoni mwake. Kila Jumamosi, anapopima maji na mafuta, huutoa ufunguo na kuutazama meno yake juani kama alivyofanya mzee yule. Jirani yake hakumlaumu kwa neno hata moja. Lakini siku mtoto alipofikisha siku arobaini, mama mkwe alimwita amshike, akamwambia, "Mwanangu, huyu nusura azaliwe garini mwako." Dereva akamshika, asiwe na la kujibu.